Viroba viwili vya nyaraka za siri nyumbani Tanga: naziharibuje zisisomeke tena?

Mwenyeji_Makorora

Wakuu, habari za kutwa. Naomba mwongozo kwa wanaolijua jambo hili vizuri.

Nyumbani Makorora kuna viroba viwili, vile vya mchele wa kilo 50, vimejaa makaratasi ya miaka mingi. Kuna salari slipu za bandarini na za shamba la mkonge, taarifa za akaunti za benki, mikataba ya mikopo iliyokwisha, vivuli vya vitambulisho vya NIDA vya wapangaji na vya wanakikundi wa VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa), kadi za kliniki na majibu ya vipimo, kitabu cha hundi ambacho hakikuisha, risiti za EFD (za mashine ya kodi ya dukani), na vitabu vya risiti vya mkono vyenye karatasi kaboni. Baadhi zimeshikana kwa unyevu na mchwa wameanza kula pembeni. Nyingi ni za marehemu mzee, na mirathi bado iko mahakama ya mwanzo.

Mashine ya kuchanachana sina. Mtaani nimeshauriwa mambo matatu: choma, uza kwa kilo kwa wafunga karanga, au tumbukiza kwenye shimo la choo. Ipi ni salama? Na kama kuna njia nyingine, naomba hatua kwa hatua, kwa vipimo.

---

Karani_Masijala

Pole kwa msiba ndugu, Mungu amrehemu mzee.

Kabla ya kiberiti wala ndoo ya maji, chambua. Na kwa kuwa mirathi haijafungwa, karatasi yoyote yenye jina la mzee isiharibiwe kwanza, hata ile unayoiona haina kazi. Msimamizi wa mirathi anatakiwa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni kwa fomu namba 5, na baadaye hesabu za mgawanyo kwa fomu namba 6. Salari slipu ya zamani inaweza kuwa ndiyo ushahidi pekee wa michango ya pensheni ambayo haikuingizwa. Barua ya benki ya miaka hiyo inaweza kuonyesha akaunti ambayo familia haiijui. Mkataba wa mkopo uliokwisha unaweza kuonyesha hati iliyowekwa dhamana na haikurudishwa. Ziweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, mbali na sakafu, subiri mahakama ifunge shauri.

Zilizobaki zigawe mafungu matatu.

Fungu la kwanza haliharibiwi kabisa: hati ya nyumba au kiwanja, leseni ya makazi, mikataba ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, risiti za pango la ardhi, vyeti vya kuzaliwa, ndoa, talaka na kifo, vyeti vya shule, na barua ya benki inayosema mkopo umemalizika. Kesi ya kudai ardhi inaweza kufunguliwa ndani ya miaka 12 tangu haki ya kudai ilipoanza, na migogoro ya viwanja mara nyingi huibuka mwenye kumbukumbu akishafariki. Picha kwenye simu haichukui nafasi ya karatasi halisi yenye muhuri na sahihi.

Fungu la pili ni la kusubiri. Kumbukumbu za biashara na za kodi ya nyumba unayopangisha zitunze miaka 5, ndivyo Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inavyotaka. Mikataba ya kawaida itunze miaka 6 baada ya kumalizika, kwa sababu ndio muda wa kufungua madai ya mkataba. Salari slipu zako mwenyewe usiziguse mpaka mafao yalipwe na uhakikishe kila mwezi umehesabiwa. Hasa waliokuwa wakichangia PSPF, LAPF, GEPF au PPF kabla ya mifuko hiyo ya pensheni kuunganishwa mwaka 2018: kumbukumbu zao zilihamishwa, na ukitokea mwezi usiosomeka, slipu ndiyo itakayokutetea.

Fungu la tatu ndilo la kuharibu, nalo utashangaa lilivyo dogo. Kiroba cha namna hiyo hakipungui kilo 25 za karatasi. Karatasi moja ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, yaani karatasi 200 kwa kilo. Viroba viwili ni kama karatasi 10,000. Hakuna mtu anayeharibu karatasi 10,000 kwa mkono akafanya vizuri, atachoka njiani na nusu itakwenda dampo nzima. Ukichambua kwa uaminifu, bahasha tupu, magazeti, matangazo na fomu ambazo hazikujazwa vikitoka, kazi inakuwa ya kubebeka.

Jambo moja zaidi. Ukikuta jalada la ofisi ya umma, lenye namba ya masijala na muhuri, hilo si la nyumbani hata kama mzee alikuja nalo. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 haimruhusu mtu kuharibu kumbukumbu za umma kwa uamuzi wake. Lirudishwe ofisi lilikotoka. Na pasipoti iliyokwisha muda ni mali ya Serikali, nayo ina mahali pake pa kurudi: Uhamiaji.

---

Ndoo_na_Mchi

Karani ameshasema la msingi. Mimi nijibu la njia.

Kuuza kwa kilo ndiyo mbaya kuliko zote. Mfunga karanga anaikata A4 vipande vinne, kila kipande ni sentimita 14.8 kwa 10.5. Kivuli cha kitambulisho kina sentimita 8.5 kwa 5.4 hivi. Maana yake kitambulisho kizima, na picha, na namba, kinaingia ndani ya koni moja ya karanga na kinazunguka mtaani Ngamiani mchana kutwa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo mwenye koni ameshapata jina, sura na umri. Tapeli hahitaji zaidi ya hapo ili akupigie simu na kujifanya wa benki au wa mtandao wa simu: akikutajia jina lako kamili, tarehe yako ya kuzaliwa na tawi ulilokopa, utamwamini.

Chooni nako hapana. Mle ndani hewa ni haba, karatasi iliyobanana haiozi upesi. Inapunguza kina cha shimo, na siku gari la kunyonya likija, mpira unaziba na makaratasi yanatolewa kwa ndoano mbele ya watu. Baharini Raskazone wala usifikirie, maji yakijaa yanakurudishia.

Njia ninayoipendekeza kwa nyumba isiyo na mashine ni kuloweka na kuponda mpaka iwe uji. Haina moshi, haina gharama, na ikifanywa sawasawa hakuna mtu atakayeunganisha chochote. Ila ifanywe sawasawa, kwa sababu kuloweka peke yake hakuharibu maandishi. Hapa ndipo wengi wanapokosea.

Maandishi ya printa ya leza na ya mashine ya kopi ni tona, na tona ni unga wa plastiki ulioyeyushwa juu ya karatasi kwa joto. Maji hayauyeyushi. Ukitoa karatasi ya benki kwenye ndoo baada ya siku tatu, ukaianika, inasomeka kama ilivyotoka dirishani. Wino wa kalamu ya bairo nao una mafuta, unabaki. Unaotoka kwa maji ni wino wa kalamu za wino wa maji na wa baadhi ya printa za wino. Kwa hiyo kinachoharibu maandishi ni nyuzi za karatasi kuachana. Herufi haibaki bila karatasi ya kuishikilia.

Vipimo: ndoo ya lita 20, karatasi kavu kilo 1 (kama karatasi 200), maji lita 13 hadi 15. Ukizidisha karatasi, katikati patabaki donge kavu.

Ng'oa pini zote kwanza. Pini yenye kutu ndani ya uji hukata vidole, na hiyo ni hatari ya pepopunda. Toa pia vibanio, nyuzi za faili na madirisha ya plastiki ya bahasha.

Chana kwa mkono vipande visivyozidi upana wa vidole viwili. Usiloweke bunda zima. Karatasi ya kopi hutengenezwa na dawa ya kuzuia maji yasipenye haraka, ndiyo maana bunda huelea na ndani likatoka kavu kabisa. Kwa sababu hiyo hiyo tumia maji ya moto na vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya unga, sabuni inayafanya maji yapenye. Jiki haisaidii lolote kwenye tona, inakuunguza mikono bure, na ikichanganyika na siki au dawa nyingine ya choo inatoa hewa ya sumu. Iache.

Kandamiza kwa jiwe au tofali, funika, iache saa 24 mpaka 48. Kufunika ni lazima, kwa joto la Tanga mbu watataga humo, na ndani ya wiki moja hadi siku kumi una mbu wakubwa.

Kisha ponda. Mchi mzito na ndoo imara vinatosha, lakini mchi huo usirudi kwenye kinu cha chakula. Mwenye drili na chuma cha kukorogea rangi atamaliza ndoo kwa dakika chache, akianza kwa mwendo mdogo ili visiruke.

Kipimo cha kumaliza: chukua uji kiasi cha kidole gumba, tia kwenye glasi ya maji safi, tikisa, tazama kwenye mwanga. Utaona nyuzi kama pamba na vidoa vyeusi vya tona. Ukiona kipande bapa kinachozidi punje ya mchele, au herufi moja nzima, rudi kwenye mchi.

Kamua kwa kiroba cha sukari au kitambaa, finyanga madonge, anika juani. Maji yake mwaga chini, mbali na kisima, kamwe si kwenye sinki, nyuzi zile zinaziba bomba kama saruji. Madonge ya karatasi nyeupe ya kawaida unaweza kuyachanganya na majani mabichi kwenye mboji. Yenye tona nyingi au karatasi za kung'aa yaende kwenye taka. Usipikie, moshi wa tona si wa kuvuta wala wa kufukizia ugali.

---

Moto_wa_Asubuhi

Niongeze kuhusu kuchoma, maana najua wengi wataishia huko hata wakiambiwa nini.

Kwanza ulizia ofisi ya mtaa. Kuchoma taka ovyo katika maeneo ya mji kunagongana na sheria ndogo za halmashauri, na nyumba za Makorora zimebanana. Kama una shamba, Pongwe au Kange huko, hali ni tofauti.

Bunda la karatasi haliungui. Linaungua kingo, katikati hewa haifiki, na unabaki na tofali jeusi ambalo kurasa zake za ndani ni nyeupe kama mpya. Hata ukurasa ulioungua mzima unaweza kusomeka: majivu yakibaki bapa bila kuvunjwa, tona inang'aa juu ya weusi, ukiinamisha mbele ya mwanga unasoma jina na namba. Wataalamu wa uchunguzi husoma nyaraka zilizoungua kwa njia hizo hizo. Na ukurasa uliogeuka jivu ni mwepesi, moto wenyewe unaunyanyua, unavuka ukuta, unatua kwa jirani ukiwa na nusu ya barua.

Anayechoma afanye hivi. Pipa la chuma, si shimo. Toboa matundu kumi na mbili hivi ya upana wa kidole gumba kuzunguka chini, na uliinue juu ya matofali matatu ili hewa ipande. Asubuhi mapema kabla upepo wa bahari haujaanza, kamwe si alasiri. Kunja kila karatasi kama mpira uliolegea, tia kumi kumi, ngoja zishike ndipo uongeze. Juu weka wavu wa matundu madogo kuzuia majivu yasipae. Koroga kwa nondo tangu moto ukiwaka. Petroli usiguse, mvuke wake hulipuka kabla hujasogea. Karatasi kavu haihitaji mafuta yoyote. Ndoo mbili za maji na mchanga ziwe karibu. Palipo na paa la makuti jirani, acha kabisa njia hii.

Moto ukizimika, mwaga maji ndani ya pipa, ponda majivu kwa mti mpaka yawe tope. Bila hatua hiyo hujaharibu kitu.

Visivyochomwa: vyeti vilivyopigwa lamineshen, kadi za benki, filamu za eksrei, risiti za EFD, faili za plastiki. Moshi wake ni mbaya na hauondoki nguoni.

---

Steshenari_Barabara_ya_Nne

Kuhusu mashine, maana kuna watu watauliza.

Zipo aina mbili kubwa. Moja inakata mistari mirefu, nyingine inakata kwa mkingamo na kutoa vipande vidogo. Ya mistari yenye upana wa milimita 6 inaigeuza A4 kuwa nyuzi kama 35 tu, na mwenye subira anaziunganisha juu ya meza. Ya vipande vya milimita 4 kwa 40 inatoa vipande karibu 390 kwa karatasi moja. Mashine nyingi zimeandikwa daraja kuanzia P-1 mpaka P-7 (namba ikipanda, vipande ni vidogo zaidi), na kwa nyaraka za fedha na afya tafuta P-4 kwenda juu.

Kama umepata ya mistari tu, angalia unavyoingiza karatasi. Visu vikipita kukatisha mistari ya maandishi, kila uzi unabaki na herufi mbili tatu. Visu vikienda sambamba na maandishi, kila uzi unabeba mstari mzima: jina, akaunti, kiasi, vyote kwenye uzi mmoja. Barua ya kawaida ingiza upande mfupi kwanza. Jedwali lililochapwa kwa kulala, kama taarifa nyingi za akaunti, upande mfupi ndio unaoharibu kazi; likunje au likate mara mbili ili lipite kinyume cha mistari yake.

Mashine ya nyumbani si ya karatasi 10,000. Huwa inafanya kazi dakika 2 mpaka 5, kisha inahitaji kupumzika dakika 20 au 30, ukilazimisha inajizima yenyewe kwa joto. Ikiandikwa karatasi 8 kwa mara moja, hesabu hiyo ni ya karatasi mpya kavu. Kwa karatasi zenye unyevu wa pwani ingiza 4 au 5. Zilizoshikana zianike kwanza, tena ndani ya nyumba. Ukianika uani upepo wa mchana utazigawa mtaa mzima. Mafuta ya visu yapake kwenye karatasi moja kwa mstari wa kupinda kisha uipitishe. Usitumie mafuta ya kopo la kupuliza, gesi yake ikikutana na cheche ya mota inawaka.

Ukikodi mashine kwenye steshenari au ofisi, simama hapo mpaka karatasi ya mwisho, na vipande ondoka navyo. Hapo hapo niseme na hili, maana linasahaulika: ukipiga kopi ya kitambulisho na ya kwanza ikatoka mbaya, idai hiyo mbaya. Hizo ndizo hujaa kwenye boksi chini ya meza na kuishia kuwa karatasi za kufungia. Na ukituma cheti kwa WhatsApp kikachapwe, hakikisha mhudumu amekifuta kwenye simu na kwenye kompyuta kabla hujalipa.

---

Shangani_Bagamoyo

Salamu kutoka Bagamoyo. Nyumba za kale za pwani, huku kwetu na huko Tanga, huwa na karatasi ambazo watu wanazichoma bila kujua ni nini. Ukikuta barua au mikataba ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, au karatasi zenye mihuri ya Kijerumani au ya Waingereza, simama. Hizo si siri ya kuharibu, ni historia ya watu. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyiko wa hati za Kiswahili za herufi za Kiarabu, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ipo kwa kazi hiyo, na hapo Tanga mjini mna Urithi Tanga kwenye Boma la zamani. Wapelekeeni hata picha tu kwanza. Na kwa sasa ziwekeni bapa, pakavu, bila gundi ya selotepu, maana selotepu huacha doa la kahawia linalokula maandishi.

Na karatasi zenye aya za Qur'an au jina la Mwenyezi Mungu zisichanganywe na uji wa ndoo unaokwenda kwenye taka. Muulize shehe wa mtaa. Kuna utaratibu wa heshima wa kuzizika mahali safi pasipokanyagwa, au kuzichoma kwa adabu na kuzika majivu.

---

Mwenyeji_Makorora

Asanteni sana wakuu, mmenifungua macho. Za mzee nimeshazitenga. Yaliyobaki ni maswali ya vitu vigumu: eksrei, vyeti vya lamineshen, karatasi kaboni, risiti za EFD, hundi na kadi za benki. Na vivuli vya VICOBA, je, naweza kuviharibu mwenyewe tu?

---

Ndoo_na_Mchi

Vya plastiki ni kwa mkasi, hakuna njia ya mkato. Cheti cha lamineshen hakipitishi maji hata ukikiloweka mwezi. Kata kingo zake nne, kitaachana kama bahasha, uchomoe karatasi iende kwenye ndoo. Eksrei: kata kona yenye jina na namba ya mgonjwa, kona hiyo ikatekate vipande vya ukucha, filamu iliyobaki haimtaji mtu. Uliza hospitali kama wanapokea filamu za zamani, zina madini ya fedha ndani yake na zipo za kurejeleza.

Kadi ya benki: mkasi upite katikati ya chipu, sio pembeni yake, kisha kwa urefu kwenye ule utepe mweusi wa nyuma, kisha namba za mbele na zile tatu za nyuma. Vipande vigawe mifuko miwili, itupwe siku tofauti.

Risiti za EFD usizitie kwenye ndoo wala kwenye mboji. Karatasi ile ina dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto, na dawa hiyo si ya kuweka udongoni. Tumia tabia yake hiyo hiyo: zitandaze juu ya ubao, weka karatasi chakavu juu, pitisha pasi ya moto dirisha likiwa wazi. Zinageuka nyeusi tii na maandishi yanazama humo. Chana, tupa, nawa mikono. Kwa risiti ambazo bado unazihitaji kwa kodi, onyo linageuka: ziweke mbali na joto na mifuko ya plastiki, na uzipige kopi mapema, kwa hali ya hewa yetu zinafifia kabla ya hiyo miaka 5.

Karatasi kaboni inadharauliwa sana. Inue mbele ya taa utaona: iliyotumika mara moja au mbili inasomeka yote, majina na kiasi, kwa mistari inayopitisha mwanga. Ina nta, maji hayaiingii vizuri. Ichane vipande vidogo kwa mkono, changanya na uji uliokwisha kupondwa, kisha taka. Vaa glovu.

Wino wa maka pen juu ya namba usiutegemee kwa karatasi yoyote. Geuza ukurasa kwenye mwanga, tona iliyo chini yake inaonekana.

---

Karani_Masijala

Hundi zisizotumika zirudishe benki, au wapigie uwape namba ya kwanza na ya mwisho wazifute. Baada ya hapo kata ukanda wa chini wenye namba za sumaku na mahali pa sahihi, hivyo viwili viende vipande vidogo sana. Hundi tupu yenye akaunti hai ni hatari kuliko taarifa za benki za mwaka mzima.

VICOBA hapana, usiviharibu peke yako. Kile si kitambulisho chako. Kikundi kinachokusanya vivuli vya watu kimeshika taarifa binafsi zao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inagusa hasa mambo ya kukusanya, kutunza na kuharibu. Peleka hoja kwenye kikao, iandikwe kwenye muhtasari. Anayetaka kivuli chake arudishiwe mkononi na asaini. Vinavyobaki viharibiwe mbele ya viongozi wawili, na daftari lionyeshe tarehe, aina ya karatasi, miaka yake, idadi, njia iliyotumika, na sahihi za mashahidi. Usiandike namba za NIDA kwenye daftari hilo, utakuwa umehamisha siri kutoka karatasi moja kwenda nyingine. Jina na tarehe vinatosha.

Vya wapangaji waliokwishaondoka ni vivyo hivyo: kivuli cha kitambulisho kiharibu deni likishaisha, mkataba na kumbukumbu za kodi ubaki nazo kwa miaka niliyotaja.

Na kama unahisi kuna vivuli vilivyokwisha kutoka nyumbani kabla hujaanza kazi hii, kila mhusika apige *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Akikuta asiyoijua, aende kwa mtandao husika na kitambulisho chake ifungwe. Ujumbe wa kitapeli ukiingia, autume 15040 pamoja na namba iliyoutuma.